Mwezi Umeandama, Pilau Bado Iko Sokoni

Na Mwandishi Wetu

INAPOKARIBIA saa moja ya jioni, mwezi 29 Ramadhani, mji wa Babati huwa umegeuza uso upande mmoja. Jua limekwisha kuzama nyuma ya ukingo wa Bonde la Ufa, kule Dareda, na wekundu uliobaki angani unafifia haraka. Wazee wamesimama nje ya msikiti, tende mkononi. Watoto wamepanda juu ya kuta na matela ya matrekta, kila mmoja akiapa kwamba ameuona. Lakini masika yamekwisha kuanza, na wingu zito limetanda pale pale panapotazamwa.

Wote wanautafuta mwezi. Akina mama, hata hivyo, wanautafuta kwa jicho moja tu. La pili liko sokoni.

Ndugu msomaji, swali wanaloulizana ni fupi: Idd ni kesho au kesho kutwa? Ikiwa ni kesho, basi nyama, nyanya, mkaa, viungo na viatu vya watoto vyote havina budi kupatikana usiku huu huu. Ikiwa ni kesho kutwa, aliyenunua mapema atalala na nyama isiyokuwa na mahali pa kuhifadhiwa, na kesho atafunga swaumu ya thelathini huku akisikia harufu yake ikibadilika.

Tumezoea kuwalaumu watu wakimbiliao sokoni dakika za mwisho. Tunawaita wavivu na watu wasio na mipango. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wa walaumu hao, mpaka alipofunga siku za mwisho za Ramadhani nyumbani kwa shangazi yake, katika kata ya Bagara, akafuatana naye sokoni na kuishika hesabu yake senti kwa senti.

HESABU YA SHANGAZI

Shangazi ni mjane. Nyumba yake ina watu sita: yeye, binti yake na wajukuu wanne. Riziki yake ni maandazi na chapati, ambazo mwezi wa Ramadhani huziuza jioni kwa wenye kufuturu. Faida ya siku hununua unga wa siku ya pili, na kibakicho hakijai kiganja. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia anunue vitu vya sikukuu wiki mbili kabla ni sawa na kumwambia avune kabla hajapanda.

Njia aliyoipata ni upatu. Yuko katika kundi la wanawake kumi wachangiao kila wiki, na tangu mwanzo wa mzunguko alikwisha omba zamu yake iangukie mwisho wa Ramadhani. Fedha hizo zilimfikia mwezi 29 wenyewe, baada ya sala ya alasiri, zikiwa zimefungwa pembeni mwa khanga. Hapo ndipo sikukuu yake ilipoweza kuanza kununuliwa, wala si kabla ya hapo.

Alikaa mkekani akazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza halikuwa la pilau, bali la zaka ya fitri. Kila Mwislamu aliye na chakula cha kumtosha yeye na watu wake kwa usiku na siku ya Idd hutakiwa atoe pishi moja ya chakula kikuu cha mahali alipo kwa kila kichwa cha nyumba yake, mdogo kwa mkubwa. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mizani ya leo huhesabiwa kuwa kilo mbili na nusu. Watu sita basi ni kilo kumi na tano za mchele, nao hupasa kutoka nyumbani kabla ya sala ya Idd. Ukichelewa mpaka baada ya sala, bila ya udhuru, umetoa sadaka kama sadaka nyingine.

Nilimwambia kwamba mjane mwenye wajukuu wanne pengine hukumu hiyo haimhusu. Hakupendezwa na maneno yangu. Alinijibu kwamba mtu mwenye fedha za pilau hawezi kusema hana fedha za fitri, akaliweka fungu lile chini ya mto.

Fungu la pili lilikuwa la nyama, na hapo ndipo penye kamari. Nyama haingoji. Mwenye bucha huchinja kwa kubahatisha kama wateja wake wanavyobahatisha; mwezi ukionekana, nyama njema huisha mapema, na wachelewao huambulia mifupa. Usipoonekana, aliyenunua ndiye atakayehangaika nayo.

"Shangazi, si ungeungoja mwezi kwanza?" nilimuuliza.

"Mwanangu," alisema huku akivaa ndala zake, "mwezi hauuzi nyama."

Tukaenda, tukanunua, tukarudi kabla ya adhana ya magharibi. Nyama haikuingia nyumbani kwetu bali kwa jirani, mama mmoja Mwiraqw, Mkristo, mwenye friji. Aliipokea bila ya kuuliza, akaisogezea nafasi kando ya maziwa yake ya mgando. Mapatano yao ni ya miaka mingi. Idd, friji la jirani huwa ni la shangazi. Krismasi, kinu na mkono wa shangazi wa kutwanga viungo huwa ni vya jirani. Fungu la tatu, la nyanya, vitunguu, viungo na mkaa, likabaki kungoja habari za mbinguni.

HABARI ZIKAJA USIKU

Wingu halikuondoka. Watu walifuturu, wakasali, wakakaa wakizisikiliza redio na kuzitazama simu zao. Hapa kwetu tangazo la kuandama kwa mwezi hungojwa kutoka kwa Mufti, kiongozi wa Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, lililoundwa mwaka 1968. Naye hungoja taarifa kutoka mikoani, kwa maana mwezi uliofichwa na wingu la Babati huenda ukaonekana vizuri mahali pengine. Wako pia Waislamu wafuatao mwandamo wa Saudia, ambao mara nyingine hutangulia kwa siku moja. Hao sikukuu yao ilikuwa imekwisha kupita, na makombo ya biskuti yalikuwa bado katika sahani zao.

Ilikuwa inakaribia saa tatu za usiku ndipo takbiri ziliposikika kutoka katika vipaza sauti. Idd kesho! Katika muda usiozidi robo saa njia zote zielekeazo sokoni zilijaa. Bodaboda zilibeba mama, mtoto na debe tupu kwa safari moja. Wachuuzi waliokwisha kufunika meza zao walizifunua, na taa zikafungwa juu ya vijiti.

Soko la Babati usiku wa namna hiyo ni ramani ya nchi nzima. Mchele umetoka Magugu, mwendo mfupi kwa njia ya kwenda Arusha, penye mashamba ya kumwagilia ambayo sifa ya mpunga wake imefika mpaka Dar es Salaam. Vitunguu saumu vimeshuka kutoka nyanda za juu za Mbulu. Mafuta ni ya alizeti, zao la Manyara na Singida. Iliki ni ya milima ya Usambara, karafuu ni ya Unguja na Pemba, na bizari nyembamba, bila ya hiyo pilau ni wali uliopakwa rangi tu, imevuka bahari kutoka India. Nazi ni chache na ghali, ndiyo maana pilau ya huku bara huungwa kwa mchuzi wa nyama na haingoji tui.

Bei nazo zilikuwa zimeandama pamoja na mwezi. Nyanya za alasiri na nyanya za saa tatu usiku zilikuwa ni zile zile, na sado lililozipima ni lile lile. Bei tu ndiyo iliyokuwa imefunga mchana kutwa, ikafuturu usiku. Viungo viliuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, na anunuaye vifuko vitatu hulipa zaidi kuliko ambaye angenunua uzito huo huo kwa mizani. Lakini mizani hutaka fedha nyingi kwa mara moja, na ambaye hana hulipa zaidi kwa sababu hana. Huo ndio ushuru wa umaskini, nao hautolewi stakabadhi.

Ni rahisi kumhukumu mchuuzi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya na karoti alitueleza upande wake bila ya kuacha kupanga mafungu. Mzigo wake aliuchukua kwa mkopo, mkubwa kuliko wa siku zote, kwa kuitegemea Idd. Lau mwezi usingeonekana, nusu ya nyanya zile zingelainika kwa joto na mvua, na deni lingebaki gumu vile vile. Kwa hiyo bei ya usiku ule ilibeba pia hofu ya jana yake. Na jambo moja zaidi alilisema kwa sauti ya chini: watoto wake mwenyewe walikuwa nyumbani wakingoja afunge meza ndipo apeleke vitu vya pilau yao.

FOLENI ZA JANA, LAMI YA LEO

Vijana wanunuao usiku huo huku wakinung'unika bei hawakuiona sikukuu ya mwaka 1983. Shangazi aliiona. Wakati ule Babati ilikuwa katika Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara haukuzaliwa mpaka mwaka 2002. Bei zilikuwa zikipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, na vitu kama sukari, sabuni na mafuta vilipatikana kwa mgao. Vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina ya fedha za kigeni, na rafu za maduka zilikuwa wazi.

Mwaka ule wa 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Baadhi ya waliokuwa wameficha bidhaa walizitupa usiku porini na mitoni kwa kuogopa kukamatwa. Idd el-Fitr iliangukia mwezi wa Julai, katikati ya msukosuko huo. Shangazi anakumbuka kwamba watu walipanga mawe katika foleni ya duka la ushirika, kila jiwe likisimama mahali pa mtu aliyekwenda kupika au kunyonyesha. Bei ilikuwa nafuu, anasema, lakini bei nafuu ya kitu kisichokuwapo haikupikii mtoto chai.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa hatua kwa hatua, na leo hakuna tume ipangayo bei ya kilo ya mchele. Njia nazo zimebadilika. Barabara ya lami kati ya Dodoma na Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na mji huu sasa umekaa penye njia panda ya lami ziendazo Arusha, Singida na Dodoma. Lami hiyo huleta karafuu upesi, lakini pia huuchukua mchele upesi. Mnunuzi wa Bagara hushindana na mnunuzi wa Dar es Salaam kwa gunia moja la Magugu.

Wala soko huria halikuondoa uhaba wote. Mapema mwaka 2024, mvua nyingi za El Nino zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchini, bei yake ikapanda sana, na Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi muda mfupi kabla ya Ramadhani. Yaani mama wa mwaka 1983 alikosa sukari kwa sababu haikuwapo dukani, na mama wa mwaka 2024 aliikosa huku akiitazama.

SI MWEZI PEKE YAKE

Je, basi, msongamano wa dakika za mwisho ni kosa la mwezi? Kwa Idd el-Fitr, kwa sehemu, ndiyo. Lakini tuzitazame sikukuu nyingine. Idd el-Hajj huangukia mwezi kumi wa Mfungo Tatu, na mwezi huo huandama siku tisa au kumi kabla. Kila mtu huijua tarehe. Krismasi haijapata kuhama kutoka tarehe 25 Desemba. Hata hivyo tarehe 24 Desemba soko hili hufurika vile vile, na mama Mwiraqw mwenye friji huwa miongoni mwa wakimbiao.

Maana yake ni kwamba yako mambo mawili yamkimbizayo mtu sokoni usiku: mwezi na mfuko. Mwezi hatuwezi kuuharakisha. Mfuko tunaweza kuusaidia, nasi twawapa wasomaji mambo machache tuliyojifunza katika nyumba ile.

Kwanza, viungo na vitu vikavu vidundulizwe. Anunuaye karafuu leo, iliki wiki ijayo na mdalasini wiki ya tatu hauumii. Vinunuliwe vikiwa vizima, si vya kusagwa, maana bizari nzima katika chupa iliyofungwa vizuri hukaa na harufu yake kwa miezi mingi.

Pili, wanawake wa upatu waweza kutenga sehemu ya michango yao wakanunua gunia la mchele kwa pamoja na kuligawana kwa mizani. Anunuaye gunia huongea na mwenye mashine ya kukoboa. Anunuaye kibaba huongea na wa mwisho katika mlolongo wa wachuuzi.

Tatu, nyama. Asiye na friji wala jirani mwenye friji aichemshe usiku ule ule kwa chumvi na tangawizi, aipike mpaka iive, wala asiilaze mbichi. Na pilau iliyobaki isiachwe sufuriani kutwa kucha. Wali uliopikwa ukikaa muda mrefu katika joto la kawaida huotesha vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto tena. Maumivu ya tumbo ya sikukuu huweza kuanzia hapo, ingawa lawama hutupiwa nyama. Pika cha kutosha siku moja, kinachozidi kigawe kikiwa bado cha moto.

Nne, akina baba. Mwenye kujua kwamba atatoa fedha za sikukuu asingoje mpaka asikie takbiri. Fedha itolewayo saa tatu usiku imekwisha kupungua thamani kabla haijafika sokoni, na atakayelaumiwa kwa pilau nyembamba si aliyechelewa kutoa bali aliyepika. Waajiri nao wayakumbuke hayo kwa wafanyakazi wao.

Tano, fitri. Masheikh wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi katika Afrika ya Mashariki, huruhusu itolewe tangu mwanzo wa Ramadhani. Mwenye uwezo aitoe siku chache mapema, ili apokeaye naye apate nafasi ya kupanga.

MCHELE ULIOPELEKA HABARI

Shangazi hakuweza kuitoa mapema, kwa kuwa fedha zenyewe zilikuja siku ile. Kwa hiyo saa nne na nusu za usiku, nyama ikiwa bado kwa jirani na vitunguu havijamenywa, alinitwika mfuko wa kilo kumi na tano tukatoka. Mvua ilikuwa ikinyunya. Tulipita nyumba tatu. Katika mbili za kwanza watu walikuwa macho, wakatupokea kwa dua.

Ya tatu ilikuwa ni ya bibi mmoja aishiye peke yake, chumba kimoja, pembeni mwa mtaa. Taa ilikuwa imezimwa. Tulipiga hodi mara tatu ndipo alipoitika.

"Shikamoo bibi," shangazi alisema. "Tumekuletea fitri yako."

"Marahaba mwanangu. Fitri? Kwani mwezi umeonekana?"

Bibi hana redio wala simu, na masikio yake hayapati vizuri sauti ya mbali. Alikuwa amekwisha kuweka maji na kipande cha muhogo kwa ajili ya daku, tayari kuifunga siku ya thelathini. Mchele ule ndio uliompa habari kwamba kesho ni Idd. Aliushika mfuko, akaupima kwa mikono, kisha akaanza kucheka polepole na kuutafuta ufagio ili afagie mlango wake.

Tulirudi nyumbani tukapika mpaka usiku mkubwa. Pilau ile ilikuwa na viazi vingi kuliko nyama, kwa sababu bei ya nyanya na mkaa ililila fungu la tatu lote na shangazi hakukubali kuligusa la kwanza. Asubuhi, watu walipotoka kusali, sahani ya kwanza ilivuka ua kwenda kwa mwenye friji, na ya pili nikaipeleka mimi kwa bibi.

Sikuwa na haja ya kubisha hodi. Mlango wake ulikuwa wazi, uwanja umefagiwa, na moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni mwake kama ulivyopanda kutoka katika nyumba nyingine zote za mtaa. Alikuwa amewahi kupika. Aliipokea sahani ya shangazi, akaimimina katika chombo chake, kisha akanirudishia ikiwa na wali wake mwenyewe juu, mweupe, ukitoa mvuke.

Nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa amekaa mkekani na daftari la upatu. Mzunguko mpya ulikuwa ukianza, naye alikuwa akihesabu wiki zilizobaki mpaka Idd el-Hajj, apate kujua zamu ya kuomba.